Kebo ipi inasikika vizuri? Tusikilize bila kuona, na tusikilize kwa haki

Ndugu wasikilizaji, mafundi wa sauti, wanafunzi, na nyote mnaopenda muziki ukitoka vizuri kwenye spika, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kebo. Najua humu ndani wamo watu walionunua kebo ya spika kwa bei ya amplifaya nzima, wanasikia tofauti, na hawasemi uongo. Wamo pia mafundi waliosomea umeme ambao wakisikia habari hizo hutikisa vichwa. Ubishi huu hauishi kwa sababu kila upande una ushahidi ambao upande wa pili hauutambui. Huyu anasema nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, yule anasema hesabu inakataa. Leo sikuja kutoa hukumu juu ya kebo ya mtu yeyote. Nimekuja kuomba tukubaliane juu ya jaribio lenyewe, liwe la namna ambayo likishatoa jibu, aliyeshindwa hana pa kulalamikia. Na nasema mapema kwamba majaribio mengi yanayofanywa, hata na wale wanaojiita watu wa sayansi, hayajafikia kiwango hicho.

Naanza na macho. Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald walionyesha jambo ambalo hata leo unaweza kulijaribu. Chukua sauti ya mtu anayesema "ba", iweke juu ya picha ya mdomo unaosema "ga". Watu wengi wakitazama husikia "da". Hiyo "da" haimo kwenye sauti wala kwenye picha, ubongo ndio umeitunga. Ukishaelezwa jambo hilo ukarudia kutazama, bado utasikia "da". Fumba macho, "ba" inarudi palepale.

Naomba mlishike hilo, maana linaondoa matusi kwenye mazungumzo yetu. Tunapomwambia mtu asikilize bila kuiona kebo, hatumwiti mwongo wala mjinga. Anachosikia anakisikia kweli. Tunachotaka kujua ni kama kimetoka kwenye waya, au kimetoka kwenye unene wa waya ule, rangi yake, plagi zake za dhahabu na bei aliyoilipa.

Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwaketisha wasikilizaji 40 wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, watu wanaofanya kazi kwenye shughuli za sauti, wakasikiliza spika zilezile mara spika zikiwa nyuma ya pazia, mara zikiwa wazi mbele yao. Pazia lilipoondoka, alama zilibadilika. Spika ndogo ya bei nafuu iliyokuwa imefanya vizuri kwenye kificho ilishuka ilipoonekana. Zaidi ya hapo, spika iliposogezwa mahali pengine chumbani, jambo linalobadilisha sauti waziwazi, waliokuwa wakiiona hawakulitilia maanani kama walivyofanya walipokuwa hawaioni. Sasa, spika hutofautiana kwa sauti kuliko kitu kingine chochote kwenye mnyororo wa vifaa vyetu. Kama macho yana nguvu hiyo kwenye spika, kwenye kebo, ambako tofauti ikiwapo ni ndogo sana, macho yanaweza kuwa ndiyo yote. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na hapa anayewamba hajui kwamba anavuta.

Kwa hiyo kificho ni lazima. Lakini kificho peke yake hakitoshi, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, walichapisha michoro inayoonyesha kuwa sikio halipokei besi, sauti za kati na sauti nyembamba kwa kipimo kimoja, na kwamba uwiano huo hubadilika kadiri sauti inavyopanda. Ukipandisha sauti kidogo, besi hujaa. Kitu kidogo kilichokuwa kimejificha nyuma ya mwimbaji hujitokeza. Ongezeko likiwa dogo mno, msikilizaji hasemi "hii imepanda". Anasema hii ina uhai, hii iko wazi, hii ina upana. Maneno hayohayo tunayoyasoma kila siku kwenye sifa za kebo.

Je, kebo inaweza kubadilisha ukubwa wa sauti? Ndiyo, na tupige hesabu pamoja. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5, urefu mita 3, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 6 za shaba. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme, ni kama omu 0.07. Kwa spika ya omu 8, upotevu hauzidi desibeli 0.1, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Hakuna la maana hapo. Sasa chukua waya mwembamba wa milimita mraba 0.5, uvute mita 10. Ukinzani unafika kama omu 0.7, na spika ileile inapoteza desibeli 0.7. Pia spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 kila mahali. Kwenye frikwensi fulani, yaani kiwango fulani cha uzito au wembamba wa sauti, inaweza kushuka hadi 4, kwenye nyingine ikapanda hadi 20. Kwa waya ule mwembamba, pale penye omu 4 unapoteza desibeli 1.4, pale penye omu 20 unapoteza 0.3 tu. Tofauti ya zaidi ya desibeli moja kati ya sehemu mbili za muziki uleule inasikika. Kwa hiyo anayesema kebo haziwezi kutofautiana kamwe amekosea sawasawa na anayesema kila kebo ina sauti yake.

Ndiyo maana tunasawazisha sauti kabla ya kusikiliza, na kiwango kinachotakiwa ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1. Kwa volti, hiyo ni kama asilimia 1.2. Cheza toni ya kilohezi moja, weka multimeta, kile kifaa cha kupimia umeme, pale waya unapoingia kwenye spika, si kwenye amplifaya. Ukipima kwenye amplifaya utapata namba ileile kwa kebo zote, kwa sababu upotevu unatokea mbele ya hapo, na utajidanganya kuwa umesawazisha. Kebo ya kwanza ikikupa volti 2.00 kwenye spika, ya pili isishuke chini ya 1.98 wala isipite 2.02. Multimeta ya bei nafuu inafaa, maana hata ikisoma pungufu, itasoma pungufu vilevile kwa zote mbili. Kisichofaa ni programu ya simu inayopima sauti hewani. Ukisogeza mkono kidogo tu, usomaji unayumba kuliko hiyo tofauti unayoitafuta. Kebo nyingi zenye unene wa kawaida utazikuta zimelingana bila kugusa chochote. Zisipolingana, rekebisha kwenye kompyuta inayocheza muziki, kwa hatua ndogo, kwa sababu vidhibiti vingi vya amplifaya hupanda nusu desibeli kwa mkupuo, na hiyo ni nyingi mno. Sauti zikishalingana kwenye toni hiyo moja, tofauti ya besi na sauti nyembamba, kama ipo, inabaki palepale kusubiri masikio.

Tuje kwa msaidizi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, kulikuwa na farasi aliyesifika kwa kujua hesabu. Aliulizwa swali, akagonga kwato hadi kwenye jibu, akaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza alichogundua: muulizaji akiwa hajui jibu, au farasi akiwa hamwoni muulizaji, hesabu zote zinapotea. Farasi alikuwa akisoma mwondoko mdogo wa kichwa cha muulizaji pale kwato zilipofika kwenye jibu. Mwenye farasi hakuwa tapeli. Hakujua kuwa kichwa chake kinasogea.

Basi kama farasi ameweza, msikilizaji mwenye hamu ya kufaulu ataweza zaidi. Anayebadilisha kebo asionekane, asisemezane na msikilizaji, asipumue kwa kuchoka upande wa pili wa pazia. Anayekaa na msikilizaji, kama yupo, asijue ni kebo ipi iliyochomekwa. Hiki ndicho kificho cha pande mbili. Mpangilio wa kebo usitoke kichwani mwa mtu, utoke kwenye sarafu au kompyuta, uandikwe kabla, ufungiwe. Mtu akiambiwa apange ovyo, hupanga kwa mtindo, na mtindo unakisika.

Kuna mambo madogo ambayo wengi huyapuuza. Kebo nzito huburuzika sakafuni kwa sauti yake. Plagi moja huingia kwa mlio mkavu, nyingine kimyakimya. Kebo ileile ikirudiwa, msaidizi mvivu humaliza mapema, na msikilizaji akihesabu kimoyomoyo anajua. Kwa hiyo kila raundi chomoa zote, chomeka upya, tumia muda uleule, hata kama unarudisha kebo ileile. Msikilizaji awe nje ya chumba wakati huo.

Njia inayotumika zaidi inaitwa ABX. Munson yuleyule niliyemtaja, akiwa na Mark Gardner, aliandika juu ya wazo hilo mwaka 1950, na baadaye likatengenezewa kifaa chake. A ni kebo moja, unajua ni A. B ni nyingine, unajua ni B. X ni mojawapo, hujui ipi. Unaruhusiwa kurudi kwa A, kwa B, kwa X, mara nyingi upendavyo, kisha unaandika X ni nani. Naipenda kwa sababu haimuulizi mtu ipi nzuri zaidi. Ladha ni ya mtu binafsi. Inamuuliza kama zinatofautiana, na hilo lina jibu sahihi moja.

Wapo wanaosema sanduku la swichi linaficha tofauti. Sawa, asiyelipenda asilazimishwe, tubadilishe kwa mkono. Faida ya swichi ni kwamba kumbukumbu ya sauti, kwa undani wake, hufifia ndani ya sekunde chache, na ukibadilisha papo hapo unasikia vitu vidogo ambavyo dakika mbili za kuhangaika na plagi zingevifuta. Wengine husema hapana, kebo inataka wiki nzima nyumbani ndipo uielewe. Hilo nalo halina shida. Ivalishe kebo soksi nyeusi, plagi zifichwe, mtu wa tatu aichomeke, ukae nayo wiki nzima na muziki wako. Wiki inayofuata, sarafu iamue ibaki au ibadilishwe. Kificho hakina haraka. Anayekataa swichi, akakataa mkono, akakataa na wiki nzima ya soksi, huyo hapingi tena utaratibu wetu. Anakataa kupimwa.

Lakini nigeukie upande wa pili, kwa sababu dhuluma iko huko pia. Nimeona watu wasioamini wakiandaa jaribio huku wakiwa wameshaliandika jibu. Chumba kina kelele, vifaa ni vigeni, muziki hajauchagua msikilizaji, watu wanatazama, raundi zinafuatana bila mapumziko, kisha wanatangaza kuwa kebo hazina tofauti. Jaribio la namna hiyo halijapima kebo, limepima uchovu. Na asiyeamini hafai kuketi kwenye kiti cha msikilizaji, kwa sababu hana sababu ya kujitahidi, na majibu yake ya kubahatisha yatasomwa kama ushahidi. Kiti hicho ni cha mtu anayesema anasikia. Apewe chumba chake, spika zake, nyimbo anazozijua. Apumzike akitaka. Awe peke yake, maana aibu ya kutazamwa inaziba masikio. Mashindano ya jukwaani yenye zawadi na makofi mimi siyapendi, hata yakiandaliwa na watu ninaokubaliana nao.

Kisha kuna kitu ambacho karibu kila mtu hukisahau, na kwangu ndicho muhimu kuliko vyote: jaribio lenyewe lipimwe. Kabla ya kebo, mpe msikilizaji tofauti ambayo tunajua ipo. Wimbo uleule kwa tofauti ya desibeli moja. Akiipata, mpe nusu desibeli. Au unganisha ukinzani wa omu 0.7 kwenye njia ya spika, ule wa waya mwembamba tuliouhesabu, umwache autafute. Akizipata hizo halafu akashindwa kwenye kebo mbili, tumejifunza kitu kikubwa. Akishindwa hata kwenye desibeli moja, simamisha, kuna kasoro chumbani au mtu amechoka. Bila hatua hii, kushindwa hakuna maana yoyote, na anayelalamika ana haki ya kulalamika.

Sasa hesabu ya bahati. Mtu asiyesikia chochote, akibahatisha tu, atapata nusu. Akipata 7 kati ya 10 inapendeza machoni, lakini mbahatishaji hupata 7 au zaidi mara 17 katika kila 100. Haitoshi. Raundi 16, na 12 sahihi au zaidi, mbahatishaji hufika hapo chini ya mara 4 katika 100, na ndiyo maana kipimo hicho kimezoeleka. Ila watu 20 wakijaribu, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atafikia 12 au zaidi kwa bahati tu unazidi nusu. Kwa hiyo aliyefikia hapo kwenye kundi asivikwe taji siku hiyo. Arudie peke yake siku nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ihesabiwe.

Na tuigeuze hesabu hiyo kwa ajili ya anayeamini. Tuseme mtu anasikia kweli, lakini tofauti ni ndogo, anapatia mara 60 katika 100. Kwa raundi 16, atafikia 12 mara moja tu katika kila sita. Yaani mara tano katika sita tutamwambia husikii, na tutakuwa tumemwonea. Mtu huyo anahitaji raundi nyingi zaidi, labda 100 zilizogawanywa kwa siku kadhaa, ambako 59 sahihi zinatosha kuondoa bahati, na yeye atafika hapo mara nyingi kuliko kukosa. Kwa hiyo mkisikia mtu amepata 10 kati ya 16 na watu wakamcheka, msiwafuate. Muombeni aendelee.

Idadi ya raundi na idadi ya kupatia viandikwe kabla, pande zote mbili zitie saini. Usiendelee hadi utakapoongoza halafu ukaacha. Usifute raundi "mbaya" kwa kisingizio cha gari lililopita nje. Kama gari limepita, msikilizaji aseme kabla hajajibu.

Juu ya kebo za kidijitali nitapita haraka. Data ya muziki ikifika sawa, imefika. Isipofika, husikii besi iliyopungua, unasikia mkatiko na mikwaruzo, au kimya. Kule kwenye kebo za analogia kuna mengi zaidi. Mpiga gita la umeme anajua kuwa kebo ndefu hufifisha ncha za sauti, na sababu inapimika: pikapu za gita, yaani vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zina ukinzani mkubwa, na kebo hubeba chaji kati ya waya na ngao yake, ule utando wa chuma unaouzunguka, hivyo viwili vikikutana frikwensi za juu zinakatwa. Kichwa cha sindano cha santuri nacho kinaathiriwa na kebo kwa njia hiyohiyo. Kebo ya maikrofoni yenye ngao mbovu huingiza mvumo. Hizo ni tofauti za kweli, na hakuna aliyewahi kuhitaji lugha ya kishairi kuzieleza.

Hapo ndipo panapofuata kazi ya baada ya jaribio. Mtu akifaulu, na akarudia akafaulu, tusimshuku wala tusimbebe mabegani. Tuchukue multimeta tupime ukinzani, tupime chaji, tutazame kama amplifaya hiyo huyumba ikipewa kebo ya aina ile. Mara nyingi sababu itapatikana, na ikipatikana kuwa ni ukinzani, basi waya mnene wa kawaida utafanya kazi ileile. Isipopatikana, jaribio lihamie chumba kingine, kwa watu wengine, wakiwa na karatasi zetu zote mkononi: jinsi sauti zilivyosawazishwa, volti zilizosomwa, mpangilio wa sarafu, kila jibu lililoandikwa, ya kupatia na ya kukosea.

Wauzaji wa kebo mlio hapa, nanyi nawaomba. Pazia mnalo, multimeta mnayo, wasikilizaji waliozoea mnao kuliko sisi. Fanyeni jaribio hili na mchapishe karatasi zote, si zile zilizopendeza tu.

Nimemaliza, na sasa napokea maswali. Fomu za raundi 16 ziko pale mlangoni. Mwenye kebo na rafiki anayeaminika anaweza kuanza leo jioni.